Mate na Mfupa wa Taya: Kuufuatilia Uponaji Usioonekana

Mfupa uliojeruhiwa hupona gizani. Kidonda cha ngozi twaweza kukitazama kila asubuhi na kusema kwamba kinakauka au kinaoza. Lakini mfupa umefunikwa na nyama, nayo nyama imefunikwa na ngozi, hata mganga hana budi kukisia. Wazee waliounga mifupa kwa magome na vipande vya mti walikisia kwa kugusa, kwa kumwuliza mgonjwa kuhusu maumivu, na kwa kuhesabu miezi. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen aligundua miali ya eksirei, na tangu hapo daktari ameweza kuuona mfupa pasipo kupasua. Hata hivyo, eksirei huchelewa kusema. Aghalabu madini ya mfupa hayana budi kupungua kwa asilimia 30 hadi 50 mahali fulani ndipo picha ya kawaida ionyeshe wazi kwamba kuna upungufu. Kabla ya hapo mfupa waweza kuwa unaliwa kwa majuma kadhaa, na picha ikaonekana safi.

Makala haya yanaeleza jitihada za wanasayansi za kupata habari za mfupa wa taya mapema zaidi, kwa njia ya mate, hasa baada ya mtu kuwekewa kipandikizi cha jino. Ili hoja zetu zisielee hewani, tutamchukua mkulima mmoja wa pamba wa Kalemela, katika Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu. Mkulima huyu ni wa kubuni, lakini mazingira yake ni ya kweli: anakaa mbali na kliniki zenye mtaalamu wa kazi hii, kila safari ya kwenda Mwanza ni nauli na siku moja ya shamba, na maji ya kisima anayokunywa yaweza yasifanane na maji ya mwenzake aliyeko ukingoni mwa ziwa. Tutaona kwamba mambo hayo hubadili hesabu za maabara kuliko msomaji anavyoweza kudhani.

Jino linapoondoka

Katika sehemu kubwa ya nchi yetu jino bovu hung'olewa. Shimo linalobaki hujaa damu, damu huganda, na katika majuma machache mfupa mpya huanza kulijaza. Lakini ukingo wa taya uliokuwa ukilishika jino haubaki kama ulivyokuwa. Katika mwaka wa kwanza upana wake waweza kupungua kwa karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo. Mfupa huo uko kwa ajili ya jino. Jino likiondoka, na nguvu ya kutafuna ikikoma, mwili hauoni haja ya kuendelea kuutunza.

Watu wa kandokando ya Ziwa Victoria wanalijua jambo hili kwa njia nyingine pia. Kwa vizazi vingi vijana wa Kijaluo waling'olewa meno sita ya mbele ya taya la chini. Desturi hiyo imefifia sana. Wadinka na Wanuer wa Sudan Kusini nao walikuwa na desturi ya namna hiyo, na baadhi yao walipofika Marekani kama wakimbizi walitamani kurudishiwa meno yao. Katika jimbo la Nebraska, katika miaka ya 2000, wataalamu wa meno na wa elimu ya jamii za binadamu walishirikiana kuwawekea wakimbizi hao vipandikizi. Meno yaliyoondolewa utotoni kwa mila yakarudi ukubwani kwa titani.

Kipandikizi ni nini? Kwa maneno machache, ni skrubu ya madini ya titani inayozamishwa katika mfupa wa taya, ikae mahali pa mzizi wa jino; juu yake hufungwa jino la bandia. Hapa kwetu vipandikizi havijawa tiba ya kawaida, kwani bei yake ni kubwa na wataalamu wake wako katika miji mikubwa. Lakini kupona kwa mfupa ni kule kule, iwe ni mfupa unaoshika titani, ni shimo la jino lililong'olewa, au ni taya lililovunjika katika ajali ya pikipiki. Kwa hiyo yale tutakayojifunza kwa kipandikizi yana manufaa hata kwa yule ambaye hatawekewa kipandikizi maishani mwake.

Titani inavyoshikwa na mfupa

Mwaka 1952 daktari wa Kiswidi, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mtiririko wa damu ndani ya mifupa ya sungura. Alitumia kijichombo cha titani kilichopachikwa katika mfupa wa mguu. Uchunguzi ulipokwisha akataka kukitoa akitumie tena, naye akashindwa: mfupa ulikuwa umekishika kama kwamba ni sehemu yake. Mtu mwingine angalikasirika kwa kupoteza chombo cha gharama. Yeye alijiuliza kwa nini. Mwaka 1965 alimwekea vipandikizi mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, ambaye alizaliwa na kasoro ya taya. Vipandikizi hivyo vilimtumikia mpaka alipofariki mwaka 2006. Ulimwengu wa tiba ya meno haukusadiki upesi. Ulianza kukubali baada ya mkutano uliofanyika Toronto, Kanada, mwaka 1982.

Sasa tuangalie yanayotokea ndani. Daktari hutoboa tundu kwa keekee inayozunguka huku ikimwagiwa maji baridi. Maji hayo si mapambo. Wachunguzi wa Uswidi walionyesha mwaka 1983 kwamba mfupa ukipashwa joto la nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja tu, huumia kiasi cha kutopona vizuri. Kisha skrubu hukazwa. Siku hiyo ya kwanza inashika kwa nguvu, lakini ni nguvu ya seremala tu, kama skrubu inavyoshika ubao wa mninga.

Baada ya siku chache mwili huanza kuondoa mfupa uliopondwa na keekee. Mfupa wa zamani unaondolewa kabla mfupa mpya haujatosha, na kwa hiyo mshiko hupungua. Upungufu huu huwa mkubwa kati ya juma la pili na la nne. Halafu mfupa mpya, ambao mwanzoni ni laini na umefumwa ovyo, huongezeka na kukomaa, na kufikia juma la 8 hadi la 12 mshiko huwa umerudi, safari hii kwa nguvu ya uhai na si ya seremala. Utaratibu wa zamani wa Brånemark ulitaka mgonjwa asubiri miezi mitatu kwa taya la chini na sita kwa taya la juu kabla ya kufungiwa jino.

Hapa ndipo penye hatari ya mkulima wetu. Juma la tatu hasikii maumivu yoyote. Uvimbe umekwisha, ufizi umefunga. Anajiona amepona, na mahindi ya kuchoma yananukia jirani. Kumbe hicho ndicho kipindi ambacho kipandikizi chake kimeshikwa kwa udhaifu kuliko wakati mwingine wowote. Kikitikiswa mno, badala ya mfupa huota nyama laini kukizunguka, na baadaye hulegea. Daktari aliyeko Mwanza angependa kujua kila juma mambo yanakwendaje ndani ya taya hilo, lakini hawezi kumwita mgonjwa kila juma, wala kumpiga eksirei kila juma. Na hata akimpiga, picha haitasema mapema.

Mfupa unavyojengwa na kubomolewa

Mwalimu anaweza kuonyesha asili ya mfupa kwa mifupa miwili ya paja la kuku. Mmoja uloweke katika siki kwa muda wa juma moja, ukibadilisha siki mara moja au mbili. Mwingine uchome katika makaa mpaka uwe mweupe. Wa kwanza utapindika kama mpira, kwa sababu asidi imeyeyusha madini ya kalsiamu na fosfeti, ikabaki protini iitwayo kolajeni. Wa pili utavunjika kwa kubonyezwa tu, kwa sababu kolajeni imeungua na madini yamebaki peke yake. Mfupa hai una vyote viwili, kama zege lenye nondo ndani yake.

Zege hili hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Seli zinazobomoa huitwa osteoklasti, nazo hutoa asidi na vimeng'enya. Seli zinazojenga huitwa osteoblasti. Katika mtu mzima kipande kidogo cha mfupa hubomolewa kwa muda wa majuma kama matatu, na kujengwa tena kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Kubomoa ni rahisi kuliko kujenga, jambo ambalo kila aliyewahi kujenga nyumba analijua.

Kazi zote hizi mbili huacha mabaki, na mabaki hayo ndiyo wanasayansi wanayoyaita viashiria. Penye seremala hapakosi vumbi la mbao. Osteoklasti zikikata kolajeni, vipande vya ncha za kolajeni huingia katika majimaji ya mwili, na kuongezeka kwao ni dalili ya ubomoaji. Osteoblasti zikijenga, hutoa kimeng'enya kiitwacho fosfatezi ya alkali, ambacho kazi yake katika kujenga madini ya mfupa ilielezwa na Robert Robison mwaka 1923. Na hutoa pia protini ndogo iitwayo osteokalsini, ambayo huhitaji vitamini K ili ikamilike. Aidha ziko protini mbili zilizotambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Moja, RANKL, huziamsha osteoklasti zifanye kazi. Ya pili, osteoprotegerini, huikamata RANKL njiani kabla haijafikisha ujumbe. Uwiano wa mbili hizi huonyesha upande gani una nguvu, wa wabomoaji au wa wajenzi.

Basi mfupa unaopona kwa utaratibu ungetarajiwa kuonyesha kwanza kupanda kwa dalili za ubomoaji, kisha hizo zishuke na dalili za ujenzi zipande, na hatimaye zote zirudi zilipokuwa. Ubomoaji usioshuka baada ya juma la nne ungekuwa habari mbaya.

Kisima na ziwa

Mate hutengenezwa na jozi tatu kubwa za tezi, ambazo ziko mbele ya masikio, chini ya taya, na chini ya ulimi, pamoja na tezi nyingi ndogondogo. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Asilimia 99 ya mate ni maji. Katika asilimia moja iliyobaki mna chumvi, vimeng'enya, kingamwili, na protini za aina zaidi ya elfu mbili. Nyingine hutoka katika tezi zenyewe, nyingine hupenya kutoka katika damu, na nyingine huchuruzika kutoka katika mfereji mwembamba uliopo kati ya jino na ufizi, au kati ya kipandikizi na ufizi.

Mfereji huo ndio ulio karibu zaidi na mfupa unaopona. Mtaalamu akiingiza humo kipande cha karatasi maalumu kwa sekunde thelathini hupata tone dogo mno, lakini lenye habari za mahali pale pale. Mate ya kinywa kizima ni rahisi kuyapata, hata mtoto anaweza kutema; lakini ndani yake lile tone limechanganyika na mengine yote. Ni sawa na kutaka kujua maji ya kisima cha jirani kwa kuchota ziwani ambako kisima hicho humwagikia. Huo ndio udhaifu mkubwa wa mate, na si vizuri kuuficha mbele ya wanafunzi.

Upo udhaifu mwingine. Fosfatezi ya alkali haitoki kwa osteoblasti peke yake. Bakteria wa kinywani wanayo, chembe nyeupe za damu wanayo, tezi za mate zinayo. Mtu mwenye ugonjwa wa fizi aweza kuonyesha kiasi kikubwa hali mfupa wake unaozunguka kipandikizi umetulia. Damu nayo huharibu hesabu: osteokalsini katika damu ni nyingi sana kuliko katika mate, na tone dogo la damu kutoka katika ufizi uliosuguliwa kwa mswaki laweza kufunika kila kitu. Kwa sababu hiyo mgonjwa huombwa atoe mate kabla ya kupiga mswaki, saa ile ile ya siku, na kabla ya kula.

Hesabu ya mtu mwenye kiu

Tuseme mkulima wetu alitoa mate kabla ya kupasuliwa, na maabara ikakuta nanogramu 6 za kiashiria fulani katika kila mililita. Baada ya majuma manne anatoa tena, ikakutwa nanogramu 12. Je, mfupa wake umebadilika?

Hatuwezi kujibu mpaka tujue kasi ya mate. Siku ya kwanza alikuwa ametulia, naye alitoa mililita 0.5 kwa dakika. Siku ya pili alikuwa ametoka kuchambua pamba juani, hajanywa maji tangu alfajiri, akatoa mililita 0.25 tu kwa dakika. Sasa zidisha. Siku ya kwanza ni 6 mara 0.5, yaani nanogramu 3 kwa dakika. Siku ya pili ni 12 mara 0.25, yaani nanogramu 3 kwa dakika. Mkolezo umekuwa maradufu, lakini kiasi kilichotoka mwilini ni kile kile. Kilichobadilika ni kiu.

Umri nao una kauli yake. Kijana wa sekondari anayerefuka ana fosfatezi ya alkali na osteokalsini nyingi kuliko mwalimu wake, kwa sababu mifupa yake ingali inajengwa. Ukimpima kwa kipimo cha mtu mzima utadhani ana jambo kubwa tayani, kumbe ni miguu yake inayokua. (Kwa desturi vijana wanaokua hawawekewi vipandikizi, maana taya hukua na kukiacha kipandikizi nyuma.)

Kisha kuna maji. Visima vya baadhi ya sehemu za Shinyanga na Simiyu vina floraidi nyingi, kama vilivyo vya Arusha na Singida. Kiasi kidogo cha floraidi huimarisha meno, lakini kikizidi huyatia madoa ya kahawia utotoni, na kikizidi zaidi kwa miaka mingi huifanya mifupa kuwa minene na migumu isivyo kawaida. Shirika la Afya Duniani hushauri kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini, si kwa kutojua madhara, bali kwa sababu maji mengine hayakuwapo. Kikomo cha sasa ni 1.5. Maji ya Ziwa Victoria yana floraidi kidogo. Hivyo katika mkoa mmoja, majirani wawili waweza kuwa na mifupa iliyolelewa na maji tofauti.

Jambo hilo lahusuje mate? Floraidi nyingi huzichochea osteoblasti. Watu walioathirika mifupa kwa floraidi aghalabu huwa na fosfatezi ya alkali nyingi katika damu hata wasipokuwa na jeraha lolote. Mtu wa namna hiyo akilinganishwa na kiwango kilichopatikana kwa wakazi wa Gothenburg au Tokyo, ataonekana ana mfupa unaojengwa kwa kasi, na daktari atafurahi bure. Ndiyo maana kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha ugenini hakimfai mkulima wa Kalemela. Kiwango kinachomfaa ni chake mwenyewe, kilichochukuliwa kabla keekee haijagusa mfupa wake. Sampuli hiyo ya kwanza ndiyo yenye thamani kuliko zote zinazofuata, na ndiyo inayosahauliwa kwa urahisi, kwa kuwa siku hiyo mgonjwa hana jeraha na hakuna anayeona haja ya kumpima.

Kipimo kinachokosea na bado kikafaa

Mpaka sasa hakuna kipimo cha mate kinachokubaliwa na wataalamu wote kuwa chaweza, peke yake, kusema kwamba mfupa umekishika kipandikizi. Tafiti zilizochapishwa zinatofautiana, na sababu moja ni ya kihesabu tu. Vipandikizi hufaulu mara nyingi, zaidi ya 9 katika kila 10. Mtafiti akichunguza wagonjwa 20, huenda akampata mmoja tu ambaye kipandikizi chake kimeshindwa, au asimpate kabisa. Huwezi kujifunza sura ya kushindwa kwa kumtazama mtu mmoja.

Lakini je, kipimo kisicho kamili hakina kazi? Tufanye hesabu, kwa tarakimu za mfano. Tuchukue wagonjwa 100 wanaoishi mbali na kliniki, na tuseme watano kati yao wana kipandikizi kitakachoshindwa. Tuseme kipimo cha mate huwatambua 4 kati ya hao 5, na huwashuku kimakosa 19 kati ya wale 95 walio wazima. Jumla ya wanaoshukiwa ni 23, na katika hao 23 wenye tatizo la kweli ni 4. Daktari ambaye angekitoa kipandikizi kwa sababu ya kipimo hicho angewaumiza watu 19 wasio na kosa. Kwa kazi hiyo kipimo ni kibaya.

Sasa tubadili swali. Kama kipimo kinatumika kuamua nani aitwe Mwanza kukaguliwa kwa mkono na kwa eksirei, basi wanaosafiri ni 23 badala ya 100. Watu 76 wazima wamebaki mashambani mwao, na mmoja mwenye tatizo amekoswa, ambaye angeonekana katika ukaguzi wa mwisho kabla ya kufungiwa jino. Kipimo kile kile, chenye makosa yale yale, sasa kimeokoa safari 77. Kwa maoni yangu hapa ndipo mahali pa mate katika nchi kama yetu: kuwa chekecheke inayotangulia eksirei, wala si hakimu anayechukua nafasi yake. Huko Ulaya, ambako kliniki iko mtaa wa pili, faida hii ni ndogo, na pengine ndiyo sababu haitajwi sana katika maandishi yao.

Yanayowezekana leo

Kiashiria kimoja kimekwisha kutoka maabara kikafika mezani pa daktari. Nacho ni kimeng'enya kiitwacho MMP-8, ambacho hukata kolajeni na hutolewa hasa na chembe nyeupe za damu palipo na maambukizi. Watafiti wa Helsinki, Finland, walishughulika nacho kwa miaka mingi, na leo kuna vijiti vya kupimia ambavyo hutoa jibu kwa dakika chache. Ifahamike, hata hivyo, kwamba MMP-8 husema habari za ufizi wenye maradhi kuliko za mfupa unaojengwa. Hutahadharisha kwamba adui amefika, lakini haisemi ukuta umejengwa kiasi gani.

Watanzania si wageni wa vipimo vya namna hii. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, mtu anaweza kujipima virusi vya UKIMWI kwa kupitisha kijiti kwenye fizi zake, bila sindano. Kijiti hicho hutafuta kingamwili, ambazo ama zipo ama hazipo. Viashiria vya mfupa ni vigumu zaidi, kwa kuwa vipo daima kwa kila mtu, na swali ni vimezidi au vimepungua kwa kiasi gani. Kijiti cha ndiyo na hapana hakitoshi, inahitajika namba.

Namba huhitaji maabara, na maabara huhitaji sampuli isiyooza. Mate yana vimeng'enya na bakteria wanaoendelea kula protini hata baada ya kutemwa katika kichupa. Maabara kubwa huyahifadhi katika baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Friji ya chanjo katika zahanati hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 juu ya sifuri, na barafu ile inayosafirisha sangara hufikia sifuri tu. Vyote viwili hupunguza kasi ya uozo, lakini haviusimamishi. Njia mojawapo ni kukausha tone la mate juu ya karatasi ya kuchujia, kama inavyofanyika kwa matone ya damu ya watoto wachanga, kwa sababu vimeng'enya vingi havifanyi kazi pasipo maji. Si kila protini huvumilia kukaushwa, kwa hiyo kila kiashiria hakina budi kujaribiwa peke yake, katika joto la Simiyu na si katika joto la chumba chenye kipoza hewa.

Kwa walimu wanaotaka wanafunzi waone wenyewe tatizo la kiu, jaribio lifuatalo halihitaji kifaa cha gharama. Kila mwanafunzi awe na kikombe chake kilicho safi, wala asikiguse cha mwenzake. Akae kimya, ameinamisha kichwa kidogo, aache mate yakusanyike na kuyatema kikombeni kwa dakika tano kamili. Mate yapimwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na mililita zigawanywe kwa 5. Wengi watapata karibu 0.3 au 0.4 kwa dakika. Jaribio lirudiwe saa nane mchana kabla ya kunywa maji, halafu nusu saa baada ya kunywa maji ya kutosha, na mara ya mwisho huku mwanafunzi akitafuna kipande safi cha mpira. Tarakimu za mwanafunzi mmoja ziandikwe katika mstari mmoja, na za darasa zima zipangwe katika safu. Kisha darasa liulizwe tofauti ipi ni kubwa zaidi, ile iliyopo kati ya mwanafunzi na mwenzake, au ile iliyopo kati ya asubuhi na mchana wa mwanafunzi yule yule. Vikombe vioshwe kwa maji yanayochemka.